Nanga Hushika Ardhi ya Nani?

Sisi wa Rugu ni watu wa vilima na migomba. Kutoka hapa hadi baharini ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa wengi wetu chombo kikubwa tulichowahi kupanda ni meli ya kwenda Mwanza. Wapo ambao tangu tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama MV Bukoba, hata hiyo hawaipandi tena. Lakini nanga tunaifahamu. Imo katika nyimbo zetu, hutajwa kwenye maziko, na mhubiri akifika Waebrania sura ya 6 hana budi kutueleza kwamba tumaini la Mkristo limefananishwa na nanga. Nimesikia mahubiri mengi mazuri juu ya nanga hiyo: uimara wake, dhoruba inayovuma, chombo kisichopeperushwa. Swali ambalo sijalisikia ni moja: nanga hiyo hushika ardhi ya nani?

Huenda likaonekana swali la utani. Naomba, ndugu msomaji, unifuate kidogo hadi baharini, kisha tutarudi nyumbani, kwa sababu swali lenyewe linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu mabaharia.

Mtu asiyewahi kuona nanga ikifanya kazi hudhani kwamba huzuia chombo kwa uzito wake. Sivyo. Mfugaji wa mbuzi ataelewa upesi. Kigingi hakimshindi beberu kwa uzito. Kinamshinda kwa sababu kimezama ardhini, na kwa sababu kamba ni ndefu na huvuta kwa ulalo. Mfunge kwa kamba fupi, atakivuta kuelekea juu na kuking'oa, na jioni utamkuta kwenye maharage ya jirani. Nanga ni hivyo hivyo. Baharia hutoa mnyororo mrefu, mara tano ya kina cha maji au zaidi, ili mvuto ulale chini na kucha za nanga zizidi kujichimbia kila upepo unapovuta. Chuma chenyewe ni kidogo sana ukikilinganisha na chombo. Kinachoshika ni ardhi. Kwa hiyo hakuna atiaye nanga ambaye hakukopa ardhi, na mara nyingi ardhi hiyo ina wenyewe.

Sasa tuangalie ufuo mmoja. Uko katika kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyeji hukiita Maore, baharini kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni kimojawapo cha visiwa vinne vya Komoro. Watu wake wengi ni Waislamu, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Ukiwasikiliza kwa makini utadaka neno moja moja. Lakini ni Ufaransa. Wafaransa walikipata kisiwa hicho mwaka 1841 kwa mkataba na mtawala wake, na visiwa vile vingine vitatu vilipochagua uhuru katika kura ya mwaka 1974, wengi wa Mayotte walikataa. Mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Mtu akikanyaga mchanga wa pale amekanyaga Ufaransa, kisheria kabisa, kama vile amekanyaga Paris.

Kusini mwa kisiwa kuna ufuo mtulivu unaoitwa N'Gouja. Chini ya mibuyu kuna mchanga, na mbele ya mchanga kuna malisho ya majani ya bahari ambamo kasa hula kama ng'ombe wetu walavyo mabondeni. Wapo watu, wengi wao kutoka Ulaya, ambao huishi katika mashua za matanga miezi au hata miaka, wakizunguka bahari za dunia kwa kupenda kwao, na ghuba za namna hii ndizo wanazozitafuta. Mashua huja taratibu. Mmoja husimama omo akitazama maji, akitafuta doa jeupe la mchanga kati ya majani na matumbawe, maana nanga ikiangukia majani haishiki vizuri na huyang'oa, na ikiangukia matumbawe huyavunja. Omo huelekezwa kwenye upepo, nanga hushushwa, mashua hurudi nyuma polepole mnyororo ukitolewa, kisha huvutwa kidogo kuona kama imeshika. Halafu baharia huchagua alama mbili nchi kavu, mti na jabali, akizitazama kila mara ajue kama chombo kinaburuta nanga. Mabaharia wa namna hii wana adabu zao. Chombo kinapotoka nchi nyingine hupandisha bendera ya njano, ambayo ni lugha ya bandari zote kwamba tunaomba ruhusa ya kuingia, na pamoja nayo bendera ndogo ya nchi mwenyeji. Karatasi zikikaguliwa, ya njano hushushwa. Baada ya hapo hulala kwa amani, kasa wakipumua kando yao.

Chombo cha pili hakipandishi bendera yoyote. Ni boti nyembamba ya fibaglasi yenye injini, inayoitwa kwasa-kwasa, jina lililotoka kwenye dansi ya Kikongo kwa jinsi boti hiyo inavyochezeshwa na mawimbi. Hutoka kisiwa cha Nzwani, kama kilomita 70, usiku. Watu wa Nzwani na wa Mayotte ni ndugu. Wana shangazi na wajomba pande zote mbili, na zamani walikwenda na kurudi kwa harusi na misiba. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka sharti la viza. Tangu hapo safari ya kwenda kumwona shangazi imekuwa kosa. Boti hupakia kupita kiasi, husafiri bila taa, na nyingi huzama. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu kati ya 7,000 na 10,000 waliokufa katika maji yale tangu mwaka 1995. Na si Wakomoro peke yao wanaovuka. Miaka ya karibuni wapo waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wengi wao walikuwa wamepiga vibanda vya maturubai kandokando ya uwanja wa mpira wa Cavani, mjini Mamoudzou, na wenyeji wakafunga barabara kudai kambi hiyo iondolewe. Ukitembea kati ya vibanda vile ungeweza kusalimia kwa Kiswahili na ukaitikiwa.

Vyombo viwili vinafika kisiwa kimoja, na wote waliomo wameikopa ardhi ileile. Mmoja hupewa karibu, mwingine hufukuzwa, au huzama kabla ya kufukuzwa. Je, tofauti iliyopo kati yao ni tofauti ya haki?

Jibu la haraka ni karatasi. Lakini karatasi ni jina tu la tofauti hiyo; haituelezi ilitoka wapi. Nadhani jibu la kweli ni kwamba mwenye mashua ya matanga anajulikana ataondoka. Nanga yake ina mnyororo, na mnyororo una mashine ya kuuvuta. Kesho au wiki ijayo atang'oa, na ufuo utabaki ulivyokuwa. Yule wa kwasa-kwasa hana pa kurudi, au hataki kurudi, au aliko kuna njaa au risasi. Sisi binadamu humpenda mgeni ambaye mwisho wake tunaujua. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi husikia hapo kwamba jembe ni njia ya heshima ya kumwonyesha mlango.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu watu wa Mayotte tukiwa mbali. Kisiwa chao ndicho mkoa maskini kuliko yote ya Ufaransa. Katika sensa ya mwaka 2017 walihesabiwa watu 256,518 kwenye kisiwa kidogo, na karibu nusu yao walikuwa raia wa kigeni. Shule zimejaa, hospitali imejaa, na mwaka 2023 maji ya bomba yalikuwa yakikatwa siku kwa siku. Mama anayefunga barabara kwa sababu mwanawe hana dawati si lazima awe na moyo mgumu. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga kisiwa na kuvibomoa vibanda vya mabati vilimani. Iliripotiwa kwamba wengi wasio na karatasi waliogopa kukimbilia majengo ya hifadhi, wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Mtu anaona tufani inakuja na anaogopa mlango ulio wazi kuliko tufani. Kilichomfikisha hapo kilianza miaka mingi kabla ya upepo.

Biblia ina habari ya ufuo kama huu, ndefu na yenye mambo madogo madogo, iliyoandikwa na mtu anayesema sisi. Ni Matendo ya Mitume sura ya 27 na mwanzo wa 28. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya Paulo. Mara moja tuisome kwa ajili ya wenyeji.

Ni usiku wa kumi na nne wa tufani. Mabaharia wanahisi nchi iko karibu, wanatupa bildi kupima maji: pima ishirini, kisha kumi na tano. Wanatupa nanga nne kutoka tezi na kuomba kuche. Hapo linatokea jambo ambalo wahubiri huliruka: mabaharia wanashusha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga nyingine za omo, kumbe wanataka kutoroka na kuwaacha abiria. Kuna watu katika kila kanisa na kila serikali wanaotaja nanga wakiwa tayari mguu mmoja mashuani, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Askari wanazikata kamba, mashua inaanguka. Kunapambazuka. Hawaitambui nchi ile. Wanaona tu ghuba yenye ufuo. Wanazikata nanga zote nne na kuziacha baharini, wanatweka tanga, wanakwama, na tezi inavunjika kwa nguvu ya mawimbi. Watu 276 wanafika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Ona jinsi walivyofika. Hawana chombo wala nanga. Hawana bendera ya kuomba ruhusa. Wamo wanajeshi wa dola lililokwisha kuvitawala visiwa vingi, na wamo wafungwa ambao dakika chache kabla askari walitaka kuwaua wasitoroke. Wenyeji hawakuwa na njia ya kumjua mfungwa kati ya watu waliolowa. Kwa macho ya ufuo, hao ni abiria wa kwasa-kwasa. Wakawasha moto, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Luka, ambaye anawataja kwa neno ambalo Wayunani waliwaitia watu wasiojua lugha yao, anashuhudia kwamba ukarimu waliouonyesha haukuwa wa kawaida.

Kisha nyoka. Paulo amekusanya kuni (mgeni huyu hakungoja siku ya tatu kupewa jembe), nyoka anatoka kwa joto na kumshika mkono. Wenyeji wanasema: huyu ni muuaji, bahari imemwachilia lakini haki haimwachii aishi. Wanangoja avimbe. Havimbi. Wanageuka na kusema: huyu ni mungu. Kwa muda wa saa moja hivi mtu mmoja amehukumiwa mara mbili, na mara zote mbili wamekosea. Mimi naona hapa picha kamili ya jinsi tunavyowatazama wageni hadi leo. Yule wa mashua nyeupe, mwenye kamera na dola, tunamfanya mungu mdogo. Watoto wetu wakimwona barabarani humkimbilia. Yule aliyevuka usiku bila kitu tunamfanya muuaji kabla hajafungua kinywa. Alicho kweli ni mtu anayesikia baridi.

Uzuri wa Malta ni kwamba hukumu zao zilikosea lakini moto wao haukukosea. Na moto ulitangulia. Waliuwasha kabla ya kuuliza, na hatusomi kwamba walipodhani ni muuaji walimwondoa penye joto. Kumwashia mtu moto si kusema kwamba hana hatia. Ni kusema kwamba amelowa. Nadhani sehemu kubwa ya ugumu wa mioyo yetu hutokana na kuyachanganya mambo haya mawili. Tunaogopa kwamba tukitoa kuni tumetoa pia hati.

Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani, katika kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu alichokitoa mwaka 1795, alitoa hoja ninayoipenda kwa urahisi wake. Dunia ni mviringo. Watu hawawezi kutawanyika bila mwisho. Mwishowe lazima wavumiliane kuishi karibu karibu, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwingine ya kuwa mahali fulani. Kwa hiyo mgeni anayo haki ya kufika bila kutendewa kama adui, na kama kumrudisha ni kumwangamiza, haifai kumrudisha. Lakini aliongeza upande wa pili, na huo tusiusahau: haki hiyo ni ya kuzuru, si ya kutwaa. Aliwashutumu vikali Wazungu wa siku zake waliofika kwenye nchi za wengine na kuwahesabu wenyeji kuwa si kitu.

Sisi wa Karagwe tunaujua upande huo wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea Bweranyange wageni wawili kutoka Uingereza, Speke na Grant. Speke aliendelea na safari Januari iliyofuata. Grant alikuwa anaumwa mguu, akabaki kwa mwenyeji wake kama miezi mitatu, muda uleule ambao Paulo alikaa Malta. Rumanyika hakumdai viza. Wageni wale walikuwa na vitambaa, shanga na bunduki, na wote wawili waliondoka kama ilivyotarajiwa. Lakini haikupita miaka mingi nchi ikawa chini ya Wajerumani, kisha Waingereza. Sisemi hivyo kuwalaumu wale wawili. Nasema tu kwamba katika historia yetu aliyekuja kuitwaa ardhi hakuwa yule aliyefika amelowa bila kitu. Mayotte nako mwaka 1841 mtwaaji aliweka sahihi, tena akiwa na meli inayoelea vizuri.

Sasa nyumbani. Mwaka 1994 ufuo tulikuwa sisi. Mwisho wa Aprili zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia kwa jirani zetu wa Ngara katika muda wa siku mbili hivi, na siku zilizofuata wengi walivuka mto Kagera na kuingia Karagwe. Nani katika umri wetu hakumbuki? Watu walilala makanisani na mashuleni, wakala ndizi zetu, wakachota maji yetu. Baadaye miti yetu ikaisha kwa kuni, mifugo ikaibiwa, bei zikapanda, na uvumilivu ukapungua. Na hapa Malta haitoshi kutupa jibu rahisi. Paulo hakuwa muuaji. Lakini katika umati ule uliovuka Kagera walikuwamo watu waliokuwa wauaji kweli, na walikuwamo watoto, wajane na wazee ambao hawakumwua mtu, na wote walilowa kwa mvua moja. Moto wetu uliwaota wote.

Wapo waliosema tangu wakati ule kwamba tulikosea. Mimi sikubali. Kazi ya kumtafuta muuaji ilikuwa na mahali pake. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama iliyofanya kazi Arusha, na baadhi ya wakubwa wa mauaji wakasimama mbele yake. Mahakama ile ilihitaji mashahidi, muda na ushahidi. Mama mwenye chungu cha uji pale Karagwe hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alikuwa na uji. Kama angengoja hukumu ndipo apakue, watoto wangekufa mikononi mwake na muuaji asingekamatwa vilevile.

Desemba 1996 Wanyarwanda walitakiwa kurudi kwao, wakarudi. Hapo ukarimu wetu ulikuwa na mwisho, na kwa hiyo bado tulikuwa katika hali ya wale wa Malta, ambao baada ya miezi mitatu waliwapakia wageni vyakula na kuwaaga. Lakini walipowasha moto huenda hawakujua kwamba kuna meli nyingine ilikuwa ikipisha majira ya baridi kisiwani kwao. Walichokiona ni meli iliyovunjika na watu wasio na nanga. Walijua tu kwamba hawa hawawezi kuondoka. Tena Publio, mkuu wa kisiwa, aliwakaribisha siku tatu, na ni baba yake Publio aliyekuwa kitandani kwa homa na kuhara damu akaponywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo tunaisema tukicheka, lakini pale ilikuwa habari ya siku.

Vipi kuhusu asiyeondoka? Mwaka 2013 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji waliokuwa nchini bila kibali, na mkoa wetu wa Kagera ulikuwa mmojawapo wa iliyoguswa zaidi. Serikali ilikuwa na sababu zake. Ujambazi wa silaha barabarani haukuwa hadithi, na taifa lina haki ya kujua nani yumo ndani ya mipaka yake. Kanisa halina kazi ya kugawa uraia. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokaa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa kwetu, waliobatizia watoto wao kwenye visima vyetu vya ubatizo. Nanga ya mtu kama huyo imezama kiasi kwamba mnyororo hauonekani tena. Kuing'oa si kuondoa chuma mchangani. Hung'oka na majani yote yaliyoota juu yake, na baadhi ya majani hayo ni ya kwetu.

Sheria ya Musa ilijua jambo hili. Haikumtaka Mwisraeli ajifanye haoni kwamba mgeni ni mgeni. Ilimtaka akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgeni Misri. Na haikuishia kwenye kumbukumbu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inashuka hadi kwenye kibarua: aliye maskini, awe ndugu yako au mgeni aliye ndani ya malango yako, mpe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa maana moyo wake unautegemea. Naona ni jambo la ajabu kwamba swali kubwa kiasi hiki, la nani ana haki ya kutia nanga, limewekwa pale mkononi mwa mtu mwenye shamba, jioni, akiwa na fedha mfukoni.

Maana hapo ndipo lilipo kwetu leo. Mipaka hatuilindi sisi, na viza hatutoi sisi. Lakini mashamba mengi ya kahawa na migomba katika wilaya zetu hulimwa na vijana waliovuka kutoka Burundi na Rwanda, wengine kwa kibali, wengine bila. Hulala vibandani mwa shamba. Jumapili wengine huketi benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Na husikika, wala si mara moja, kwamba yupo mwenye shamba ambaye palizi ikiisha na siku ya malipo ikifika, hukumbuka ghafla kwamba nchi ina sheria. Humwuliza kibarua wake: kitambulisho chako kiko wapi? Humtajia afisa wa uhamiaji. Kijana huondoka usiku huohuo bila senti, na mwenye shamba huja kanisani akiwa na sadaka.

Asubuhi ya kwanza, alipomkabidhi jembe, hakumwuliza.